Mafunzo kwa ushirika wa nyumba za wanafunzi: anzeni na vitabu vya hesabu

Kazi yangu ni kuwafunza wanafunzi wanaoendesha nyumba zao wenyewe kwa ushirika. Wakiniuliza semina ifanyike lini, nami huwauliza: mweka hazina wenu anahitimu lini? Ushirika wa wakulima unaweza kukaa na katibu yuleyule miaka kumi. Wenu hauwezi. Anayemjua fundi bomba, anayejua kwa nini sharti fulani liliandikwa, mwakani hayupo. Kwa hiyo mafunzo yawe kwenye kalenda ya kila mwaka, na yatengewe fungu katika bajeti. Waanzilishi wa Rochdale, Uingereza, waliofungua duka lao la ushirika mwaka 1844, walikuja kutenga asilimia 2.5 ya ziada yao kwa ajili ya elimu, na wale walikuwa mafundi na wafumaji, si matajiri.

Wageni wapokeeni ndani ya wiki ya kwanza, kwa saa moja tu. Waelezwe amana yao inakaa wapi na inarudi lini, zamu zinapangwaje, na kwamba kila mwanachama ana kura moja. Msiwasomee masharti yote kwa sauti. Hakuna anayesikiliza baada ya ukurasa wa pili. Kila mgeni apewe mwenyeji mmoja wa kumuuliza yale ambayo mtu huona haya kuyauliza kikaoni.

Kikao cha hesabu ndicho kisipungue saa mbili, na kiwe cha wanachama wote. Sitaki mifano ya vitabuni. Chapisheni taarifa yenu ya mwezi uliopita, mgawe watu wawiliwawili, kila jozi na kalamu. Waambieni watafute vitu vinne: fedha iliyoingia, iliyotoka, inayodaiwa, na akiba ya ukarabati. Kisha ulizeni: vyumba viwili kati ya ishirini vikikaa vitupu mhula mzima, nini kinatokea? Wengi hujibu haraka kwamba mapato yanashuka kwa asilimia 10. Ni kweli, lakini rejesho la mkopo halishuki, wala bima. Waacheni wapige hesabu wenyewe hadi waone kuwa pengo lile linaweza kumeza akiba yote. Hapo ndipo mtu ambaye hajawahi kuuliza swali kikaoni anainua mkono na kuuliza kwa nini tangazo la vyumba lilichelewa kutoka. Swali hilo moja linanitosha, mafunzo yameshika.

Somo la pili ninalolipigania ni kudai kodi. Kumdai mtu mnayechangia jiko ni kugumu kuliko kumdai mgeni, na waweka hazina wengi hunyamaza hadi deni linafika miezi mitatu. Fanyeni igizo. Mmoja awe mdaiwa, mwingine mweka hazina, wengine watazame. Maneno yafanyiwe mazoezi kwa sauti: “Kodi ya mwezi uliopita haijaingia. Unaweza kulipa kiasi gani ifikapo Ijumaa, na kilichobaki lini?” Watakachojifunza ni kutoomba radhi kwa kudai, kutodai mbele za watu, na kuandika makubaliano siku hiyohiyo. Halafu wabadilishane nafasi. Aliyekuwa akicheka huacha kucheka akiketi kwenye kiti cha mdaiwa.

Makabidhiano nayo yasiwe ya barua pepe moja usiku wa kuamkia safari. Chagueni viongozi wapya mapema, ili wa zamani na mpya wafanye kazi pamoja kwa mwezi mmoja angalau. Katika mwezi huo, kiongozi mpya ndiye ashike kalamu: aandike stakabadhi, alinganishe daftari na taarifa ya benki, apige simu kwa fundi. Wa zamani akae pembeni, ajizuie kumnyang'anya. Watia saini wa akaunti wabadilishwe kabla ya mtu kufunga mizigo, maana benki haina haraka na nyinyi.

Uenyekiti wa vikao mnaweza kuuzungusha. Hujifunzwa kwa kutenda, mradi ajenda itoke mapema na kila azimio liandikwe pamoja na jina la mtekelezaji.

Msaada wa nje upo, na si aibu kuutafuta. Marekani na Canada wana NASCO, shirikisho lililoundwa mwaka 1968, ambalo hufunza wanachama, wafanyakazi na bodi za nyumba za wanafunzi. Mahali pasipo na chombo kama hicho, tafuteni ushirika mkongwe wa aina yoyote, hata wa akiba na mikopo, muombe mweka hazina wake awape jioni moja. Ule wa wanafunzi wa Berkeley, California, umekuwepo tangu 1933, kwa hiyo matatizo yenu mengi yameshawakuta wengine.

Mkimwalika mkufunzi, mtumieni mapema hesabu za mwaka mzima, masharti, na kumbukumbu za vikao vitatu vya mwisho. Asipoziomba, mpeni hivyohivyo. Na akijitolea kuwaandikia vitabu vya hesabu, mshukuruni, mkatae, mumwombe aketi kando ya mweka hazina wenu wakati yeye mwenyewe anaviandika.