Bwawa la mwatiko kwenye udongo wa tindikali: chokaa kwanza, mfinyanzi baadae

Kama bwawa lako la mwatiko, yule samaki wa maji chumvi, liko jirani na mikoko na mvua za kwanza zikinyesha tu unakuta samaki wanaelea, usikimbilie kulaumu vifaranga, kaangalie tuta, yani ukingo wa bwawa. Ukiona maji yanayochuruzika pale yameacha wekundu kama kutu na udongo uliokauka una madoa ya njano iliyopauka, hiyo ni tindikali. Tope la mikoko likikaa ndani ya maji halina neno, ila ukilichimba likapigwa na hewa salfa iliyomo inageuka asidi, mvua inaiosha yote inaingia bwawani.

Wengi wanaambiwa weka mfinyanzi wanadhani ndo dawa. Jamani, mfinyanzi unaziba tu, anayeua tindikali ni chokaa. Vinatakiwa vyote viwili.

Anza kupima. Chota udongo sehemu kama kumi za sakafu, changanya, kausha, twanga, tia maji masafi kiasi kilekile, koroga, subiri nusu saa ndo uchovye mita ya pH, kipimo cha tindikali, namba ikiwa ndogo tindikali ni kali zaidi. Ikisoma chini ya 5 mwaga chokaa ya kilimo kilo 3,000 kwa hekta, yani bwawa la mita 10 kwa 20 ni kilo 60, na usisahau tuta upande wa ndani. Tope la mikoko linaweza kunywa zaidi ya hapo kwa hiyo baada ya wiki mbili pima tena.

Sasa mfinyanzi, na hapa ndo niliumia. Nilichota tope la kijivu la palepale, linanata vizuri kweli, nikalipaka tuta zima, halijamaliza miezi miwili likaanza njano! Chukua mfinyanzi wa sehemu ya mwinuko, mbali na mikoko, halafu bonge moja liache nje wiki nane ukilinyunyizia maji, pima pH mwanzo na mwisho, ikishuka sana achana nao. Bonge lingine lilaze kwenye ndoo ya maji, asubuhi likiwa limeshikana ndo wenyewe, likimeguka lina mchanga.

Tandaza mfinyanzi sentimita 15, uwe na unyevu wa kushikana ukifinya bila kutoa maji, shindilia kwa kigogo, kisha 15 nyingine. Ukitumia bentonaiti ya dukani, ule mfinyanzi wa unga unaovimba ukilowa, usiichanganye na chokaa, inashindwa kuvimba.

Ukimaliza jaza maji upesi, usiache jua lipasue, maana kila ufa unapitisha hewa mpaka kwenye lile tope la chini.