Somo: Kusoma vifupisho vya WhatsApp hapa Goma, hatua kwa hatua

Dada yangu aliandika kwenye grupu ya familia: «Papa iko ku hopitali avc mama, ntawambia.» Shangazi, anayeuza vitambaa Birere, akasoma AVC. Hapa kwetu nani hajui AVC? Ni ule ugonjwa wa mshipa wa damu kichwani, unaompooza mtu upande mmoja. Akarukia pikipiki bila hata kufunika bidhaa zake, akafika hospitalini analia kwa sauti. Akamkuta baba mzima kabisa, amekaa kwenye benchi anamenya ndizi. Alikuwa amemsindikiza mama kupima presha. Dada alitaka kuandika «avec», yaani pamoja na, akaacha herufi moja.

Tangu siku ile, kila Jumamosi tukishamaliza kuhesabu akiba ya chama chetu (nacho tunakiita AVEC!), tunabaki nusu saa na simu mkononi, tunasoma pamoja. Haya ndiyo tuliyojifunza.

Hatua ya 1: Tafuta lugha kabla ya maana

Meseji moja ya Goma inaweza kubeba lugha tatu. Chukua hii: «Slt yaya, 2taonana kesho, tkt.» Slt ni Kifaransa, salut, salamu. Yaya ni kaka au dada mkubwa. 2taonana ni Kiswahili, tutaonana. Tkt ni Kifaransa tena, t'inquiète, usiwe na wasiwasi.

Iangalie hiyo 2 vizuri, ndiyo inayowachanganya wengi. Ndani ya neno la Kiswahili inasomwa «tu», kwa sababu Kiingereza, ile lugha ya tatu, kinaitamka hivyo: 2ko, 2naenda, 2ombe. Ndani ya neno la Kifaransa inasomwa «de»: 2main ni demain, kesho. Basi ukiona 2, soma kwanza herufi zinazoifuata.

Hatua ya 2: Isome kwa sauti

Vingine macho hayavielewi, ila sikio linavielewa. «G» ni j'ai, ninayo. «C» ni c'est, ni. «Bi1» ni bien, vizuri. Vingine ni neno lililotolewa irabu tu: bjr ni bonjour, bcp ni beaucoup, dsl ni désolé, tjrs ni toujours. Stp na svp ni tafadhali. Cc ni coucou, salamu ya marafiki. Ila kwenye barua pepe ya kazini, Cc inaonyesha nani mwingine amepewa nakala. Cv ni ça va, na CV ni karatasi ya kuombea kazi. Bosi akikuambia «tuma CV», usimjibu kwamba uko salama.

Vifupisho viwili vinahitaji uangalifu zaidi.

Mdr ni mort de rire, nimekufa kwa kicheko. Ina kufa ndani yake, lakini ni kicheko kitupu. Usiiweke kamwe chini ya tangazo la matanga. Ptdr ni kicheko kikubwa zaidi, na LOL ni kicheko cha Waingereza. Penye msiba utaona RIP, apumzike kwa amani. Herufi hizo zinalingana katika Kilatini na Kiingereza.

RAS ni rien à signaler, hakuna jambo la kuripoti. Kwa mji kama wetu hili ni neno zito. Mtoto aliye njiani akikuandikia «RAS», anakuambia njia ni tulivu, ulale. Mama mmoja wa chama chetu alikesha akiliogopa, na kumbe ndilo lilikuwa la kumtuliza.

Wazee husema vijana wameharibu lugha. Niwatetee kidogo. OMG, yaani Mungu wangu, ilikwisha kuandikwa mwaka 1917, katika barua ya amiri Fisher wa Uingereza kwa Churchill. Na sisi wenyewe tulizoea kubana maneno wakati SMS moja haikuzidi herufi 160 na kila moja ilikula inite, yaani salio la simu.

Hatua ya 3: Soma na alama, si herufi tu

Tiki moja: meseji imeondoka kwako. Mbili za kijivu: imefika kwenye simu yake. Mbili za buluu: ameifungua. Kwa odio, kipaza sauti kikigeuka buluu, ameisikiliza.

Mshale wenye neno Transféré maana yake aliyekutumia hakuiandika yeye. Mishale miwili ni kwamba meseji imekwisha kupita mikono mitano au zaidi. Hii mishale miwili naomba kila mtu aishike. Volkano yetu ya Nyiragongo ilipolipuka usiku wa tarehe 22 Mei 2021, na hata tarehe 27 mamlaka zilipoamuru mitaa 10 kati ya 18 ya Goma ihame, simu yangu ilijaa odio za watu wasiojitaja. Huyu anasema kimbilieni Sake, yule anasema Sake hapana. Tulikuwa na watoto mgongoni na magodoro kichwani, tukibishana barabarani kwa sababu ya sauti ya mtu tusiyemjua. Ukiona mishale miwili, uliza: nani aliandika, lini, alikuwa wapi? Usipopata jibu, usiitume kwa mwingine.

Hatua ya 4: Maneno yanayokuibia

Kuna namba ya tarakimu 6 inayokuja kwa SMS, WhatsApp inaiita code. Hiyo ni ufunguo wa nyumba yako. Mtu akikuandikia, hata kwa jina na picha ya mdogo wako, «nimekosea, code yangu imekuja kwako, nirudishie», usimpe. Ukimpa, anaingia kwenye akaunti yako na kuanza kuwaomba ndugu zako pesa kwa jina lako. Mpigie mdogo wako, usikie sauti yake.

Maswali ya wanachama

*Mama wa Katindo: Mtu ameniandikia «njoo PV». Ni mambo ya polisi?*

Hapana, mama. Ya polisi ni procès-verbal. Hii ni privé: anataka muongee wawili, nje ya grupu. Wengine husema inbox, MP au DM. Kama humjui, huna lazima ya kwenda.

*Mwanachama wa Himbi: Mume wangu ananijibu, lakini tiki hazigeuki buluu. Ananificha nini?*

Huenda amezima tu alama ya kusomwa. Akiizima, naye haoni buluu za wengine. Kwenye grupu alama hiyo haizimiki, na ya odio pia. Yeye anakujibu, dada. Mwulize mwenyewe.

*Mama wa Majengo: Binti yangu anaandika #fyp chini ya kila video. Ni siri?*

Si siri. Fyp ni ukurasa wa TikTok unaomwonyesha kila mtu video alizochaguliwa, naye anatumaini ya kwake ipite huko. Alama ya # inakusanya pamoja yote yaliyoandikwa juu ya neno moja. Chris Messina ndiye aliyeipendekeza kwa Twitter, mwaka 2007.

*Mzee wa Ndosho: Wajukuu wanaandika «xaxa» na «cjui».*

Sasa, na sijui. X wameifanya s, na c wameifanya si. Waambie wakikuandikia wewe waandike neno zima. Watafanya, baba. Wangu walifanya.

*Shangazi, Birere: Na ile «avc», mtu akiwa na haraka aandike nini?*

Aandike «na», shangazi. «Papa iko ku hopitali na mama.» Ni herufi mbili tu, fupi kuliko avc.