Somo: Kutuma taarifa mpya baada ya kuwasilisha maombi ya chuo Marekani

Somo hili ni la mwanafunzi aliyekwisha kuwasilisha maombi, kwa kawaida kupitia Common App (tovuti ya kuomba vyuo vingi kwa fomu moja), halafu jambo likajitokeza: matokeo ya KCSE (mtihani wa kidato cha nne Kenya) yametoka Januari, alama za SAT (mtihani wa kujiunga na vyuo vya Marekani) zimepanda, tarehe ya kuzaliwa imeandikwa vibaya, au mzazi amesimamishwa kazi. Hofu huwa kubwa, na hofu hiyo ndiyo inayomfanya mtu atume barua pepe tano kwa wiki moja. Kila barua ni lazima mtu wa ofisi ya udahili aifungue, atafute faili lako, aiambatishe. Tuma taarifa moja iliyokamilika, mara moja, mahali inapotakiwa.

Kabla ya yote, elewa kilichofungwa. Ukishawasilisha, chuo kinabaki na nakala yake. Unaweza kurudi Common App ukarekebisha insha au orodha ya shughuli zako, lakini marekebisho hayo yatakwenda kwa vyuo ambavyo hujaviwasilishia bado. Wengi hujidanganya hapa: wanaona kosa limeondoka kwenye skrini, wanalala usingizi, kumbe chuo bado kina nakala yenye kosa.

Hatua ya 1: Ingia kwenye akaunti ya mwombaji. Baada ya kuwasilisha, chuo hukutumia barua pepe ya kufungua akaunti kwenye tovuti yake chenyewe, pamoja na namba ya mwombaji. Usipoiona, tafuta kwenye barua taka. Namba hiyo si ile ya Common App, na ndiyo wanayotumia kukutafuta.

Hatua ya 2: Soma chuo kinataka nini. Vyuo havifanani. MIT, ambayo haitumii Common App, ina fomu yake ya Februari ya kujaza alama mpya na habari mpya. Chuo Kikuu cha California kinakuruhusu kubadilisha mwenyewe anwani, simu, barua pepe na alama za mitihani kadhaa kama TOEFL, mtihani wa Kiingereza. Ukibadilisha au kuacha somo, lazima uwaarifu. Vingine vina kitufe cha kupakia hati, vingine vinataka barua pepe, na vipo vinavyosema wazi havipokei nyongeza. Chuo kikisema hakipokei, usitume.

Hatua ya 3: Pima uzito. Yanayostahili kutumwa ni matokeo ya mtihani wa taifa, alama mpya za SAT au za Kiingereza zilizo juu ya zile za awali, tuzo ya ngazi ya mkoa kwenda juu, wadhifa mpya wenye kazi halisi, kubadilisha shule au masomo, na kosa katika jina, tarehe ya kuzaliwa au uraia. Cheti cha semina ya siku mbili hakiongezi kitu. Alama zikishuka na chuo kinaziomba, zitume pamoja na maelezo ya sentensi mbili. Wakizigundua wenyewe baadaye, nafasi uliyopewa inaweza kufutwa.

Hatua ya 4: Jua nani anatakiwa kutuma. Hapa ndipo mambo mengi huharibika. Habari za shughuli na tuzo unazituma wewe. Alama za shule na matokeo ya taifa hutumwa na mwalimu mshauri au mkuu wa shule, kupitia akaunti yake ya Common App au barua pepe ya shule. Alama za SAT hutumwa na College Board, na za TOEFL hutumwa na ETS, mashirika yanayoendesha mitihani hiyo. Vyuo vingi hukubali ujiandikie alama mwanzoni, ila ukidahiliwa watadai alama rasmi. SAT hukupa kuchagua vyuo vinne vya kutumiwa alama bure, mwisho siku 9 baada ya mtihani. Ukipitisha hapo unalipia. Duolingo, mtihani mwingine wa Kiingereza, hutuma bure.

Picha ya skrini ya matokeo kwenye simu si hati. Omba shule iskani karatasi ya matokeo, igonge muhuri, na iweke barua fupi kwenye karatasi yenye nembo ya shule. Barua hiyo ieleze mfumo wa alama, kwa sababu msomaji wa Marekani anaweza kukuelewa kinyume kabisa. A- ya KCSE yenye pointi 78 ataisoma kama asilimia 78, ambayo kwao ni C+. Aandikiwe "78 kati ya 84". Kwa Tanzania hatari ni kubwa zaidi: Divisheni ya kwanza ya pointi 7 kidato cha nne ndiyo ya juu kabisa, lakini asiyejua ataona 7 ni ndogo kuliko 17.

Hatua ya 5: Andika kwa ufupi. Kichwa cha barua kiwe na jina lako kama lilivyo kwenye pasi, namba ya mwombaji, na neno moja la kusema ni nini. Ndani, maneno 150 yanatosha. Kwa Kiingereza chako, mpangilio uwe hivi:

*Niliwasilisha maombi yangu tarehe 2 Januari. Matokeo yangu ya KCSE yametoka: wastani A-, pointi 78 kati ya 84, Hisabati A, Kemia A. Shule itatuma nakala yenye muhuri. Pia, tangu Januari nafundisha Hisabati wanafunzi 12 wa gredi ya nane, saa nne kwa wiki. Naomba taarifa hizi ziwekwe kwenye faili langu.*

Kisha jina, tarehe ya kuzaliwa na jina la shule. Mwezi uandike kwa herufi. 03/07 kwetu ni tarehe 3 Julai, kwao ni Machi 7, na kosa hilo hutenganisha faili mbili za mtu mmoja.

Hatua ya 6: Faili na saa. Tumia PDF moja, chini ya MB 2, kurasa zimenyooka na muhuri unasomeka. Ipe jina lenye ukoo wako na namba ya mwombaji. Kwa raundi ya kawaida, ambayo majibu yake hutoka mwishoni mwa Machi, lenga katikati ya Februari. Angalia saa pia: wakati wa baridi New York iko nyuma yetu kwa saa 8, hivyo ofisi ikifungwa saa kumi na moja jioni yao, kwetu ni saa saba usiku.

Ukishatuma, subiri wiki mbili kabla ya kuuliza. Orodha ya hati kwenye akaunti huchelewa sana Januari.

Maswali ya wanachama

Nilimaliza kidato cha nne Novemba, Kenya. Common App inadai ripoti ya katikati ya mwaka. Itatoka wapi?
Haipo, na si kosa lako. Mwalimu mshauri aandike kwamba kalenda ya shule ni Januari hadi Novemba na masomo yamekwisha, kisha aambatishe KCSE mara itokapo. Asiache pengo bila maelezo.

Mimi niko kidato cha sita Tanzania. Matokeo ya NECTA (Baraza la Mitihani la Tanzania) hutoka Julai, majibu ya chuo Machi.
Chuo kitaamua kwa matokeo ya kidato cha nne, ripoti za mihula na alama za makadirio kutoka shuleni. Mock ikikuonyesha vizuri, shule iitume. Julai shule itume matokeo pamoja na ripoti ya mwisho. Waambie chuo mapema tarehe hiyo, kwa sababu wao huzoea kupokea hati za mwisho kabla ya hapo.

Kwenye insha ya chuo nimeandika jina la chuo kingine.
Kosa la herufi liache. Jina la chuo kingine ni tofauti: waandikie mara moja, omba ruhusa ya kupakia insha sahihi, usijieleze kwa aya tatu. Wengine hukubali, wengine hapana.

Niliomba raundi ya mapema, na Desemba chuo kimeahirisha uamuzi wangu hadi raundi ya kawaida. Nitume nini?
Barua ya ukurasa mmoja ya kusema bado unakitaka chuo, pamoja na mambo mapya tu, Januari au mwanzoni mwa Februari. Sema ni chaguo lako la kwanza ikiwa ni kweli.

Baba amesimamishwa kazi baada ya mimi kuwasilisha.
Hiyo iende ofisi ya msaada wa fedha, si udahili: barua ya mwajiri, tarehe, na kipato cha sasa kwa mwezi. Kama hukuomba msaada tangu mwanzo, uliza leo hii; vyuo vingi havipokei ombi jipya la msaada kutoka kwa mwanafunzi wa nje baada ya uamuzi kutoka.