Kufuma Sungura Mdogo kwa Uzi wa Mahameli

Uzi wa mahameli, ambao wauzaji wengi wa Nairobi huuita velveti, hufumwa kwa vidole kabla ya kufumwa kwa macho. Ndani yake mna nyuzi nyembamba zilizosokotwa pamoja, na msokoto huo umeshikilia manyoya mafupi yanayotokeza pande zote. Manyoya hayo ndiyo yanayoleta ulaini unaomfanya mtoto akumbatie kikaragosi na kukataa kukiachilia, na ndiyo hayohayo yanayofunika kila shono mpaka mfumaji asione alikotoka wala anakokwenda. Sisi tuliojifunza kroshia kwa kufuma vitambaa vya makochi, ambavyo kila tundu lake huonekana wazi, hupata ugeni mkubwa siku ya kwanza. Kichwa changu cha kwanza nilikifumua mara nne, na kufikia mara ya nne uzi ulikuwa umepukutika manyoya, ukabaki na vipande vitupu visivyofaa kitu. Uzi huu hauvumilii kufumuliwa ovyo, na ndiyo sababu nasisitiza kuhesabu na kupapasa kuliko jambo lingine lolote.

Kikaragosi ninachokieleza hapa ni sungura. Watoto waliosimuliwa hadithi jioni wanamfahamu Sungura aliyemzidi Fisi maarifa, na umbo lake si gumu: mipira miwili iliyoshikana, masikio marefu, mikono, miguu na mkia. Akikamilika huwa na kimo cha takriban sentimita 13 bila masikio, ingawa mkono wa kila mfumaji una kipimo chake.

Uzi utaupata katika maduka ya nyuzi ya katikati ya jiji, na wengi huanzia Biashara Street. Chagua uzi mnene wa poliesta, bunda la gramu 100 lenye takriban mita 120, ambalo litatosha sungura mmoja na kubakisha. Kabla ya kulipa, shika ncha ya uzi kwa kucha na uvute manyoya kidogo. Yakitoka kwa wingi bila kushurutishwa, rudisha bunda hilo na ujaribu jingine. Ikiwa utahitaji mabunda mawili, linganisha namba ya mkupuo wa rangi, yaani ya mara moja ya kutia rangi kiwandani, iliyochapishwa kwenye karatasi ya kila bunda, kwa kuwa nyeupe ya mkupuo mmoja na nyeupe ya mkupuo mwingine huenda zisifanane zikiwekwa pamoja. Anayeanza anunue rangi nyepesi kama krimu, kijivu au waridi. Nyeusi na bluu iliyokoza huficha hata kile kidogo ambacho jicho lingeweza kukiona, hasa katika asubuhi za Julai ambapo wingu hutanda juu ya jiji mpaka saa sita.

Utahitaji pia sindano ya kroshia ya milimita 5. Karatasi ya bunda huenda ikapendekeza kubwa zaidi, lakini pendekezo hilo huwafaa zaidi wanaofuma mablanketi. Kikaragosi kinataka mashono yaliyobanana ili pamba ya ndani isichungulie. Ongeza sindano ya kushonea yenye tundu pana, uzi imara wa cherehani wa rangi inayokaribiana na mahameli, kipande cha uzi wa pamba wa rangi tofauti, penseli na karatasi. Kwa kujazia, nunua faiba ya poliesta, ile inayotiwa ndani ya mito. Mafundi wa makochi wa Ngong Road na wa Gikomba huitumia, na mara nyingi hukubali kukupimia kidogo. Sponji iliyokatwakatwa siipendekezi kwa sababu huacha mabonge.

Kuhusu macho, uamuzi ufanywe sasa na si mwishoni. Macho ya plastiki ya milimita 10, yenye shina linaloingia ndani na kizibo kinacholibana kwa nyuma, hupendeza sana, lakini yanafaa tu kwa mtoto aliyepita miaka 3. Kipimo kinachotumika kimataifa kukagua vitu vidogo vya kuchezea ni kikopo chenye upana wa milimita 31.7, na kitu chochote kinachoingia chote ndani yake huhesabiwa kuwa kinaweza kumkaba mtoto mdogo. Jicho la milimita 10 linaingia bila shida. Kizibo kikilegea, au mashono yanayolizunguka jicho yakitanuka, jicho hutoka na mtoto hulitia kinywani. Kwa hiyo sungura wa mtoto ambaye hajapita miaka 3 atariziwe macho kwa uzi mweusi, na mimi sitoi ruhusa nyingine katika hilo.

Jambo jingine la kutanguliza ni majina ya mashono. Wengi wetu tulifundishwa kwa majina ya Uingereza, ilhali mifano mingi inayosambaa intanetini imeandikwa kwa majina ya Marekani, na majina hayo hugongana: dabo kroshia ya Uingereza ndiyo singo kroshia ya Marekani. Katika maelezo haya ninapotaja shono, nakusudia hilo fupi, ambalo sindano huingizwa katika tundu, uzi ukavutwa na kupatikana vitanzi viwili, kisha uzi ukavutwa tena kupitia vyote viwili. Kuongeza ni kufuma mashono mawili katika tundu moja. Kupunguza ni kuingia katika tundu mbili zinazofuatana, kuvuta kitanzi kutoka kila moja, kisha kuvuta uzi kupitia vitanzi vyote vitatu. Wapo wanaopunguza kwa kushika nyuzi za mbele peke yake ili kovu lisionekane. Katika mahameli huo ni usumbufu usio na faida, kwa maana nyuzi hizo ni vigumu kuzitenga na manyoya hulificha kovu lenyewe.

Vikaragosi vingi huanza kwa pete ya uzi inayokazwa kwa kuvutwa. Usiifanye hapa. Uzi wa mahameli ukivutwa kwa nguvu hukatika msokoto wake wa ndani, na pete nzima hukuponyoka mkononi. Badala yake fuma minyororo miwili iliyolegea, yaani vitanzi viwili vinavyovutwa kimoja kupitia kingine, kisha fuma mashono 6 yote katika mnyororo wa kwanza kabisa, ule ulio mbali na sindano. Hiyo ndiyo duru ya kwanza, na kijitundu kitakachobaki katikati kitafunikwa na manyoya.

Sasa laza ule uzi wa pamba wa rangi tofauti juu ya ukingo, mahali duru ya pili inapoanzia, na kila duru inapokamilika uupitishe upande wa pili, mbele kisha nyuma, ili upande pamoja na kazi kama ngazi. Pini ya alama huzama ndani ya manyoya ikapotea, lakini uzi huu huonekana siku zote, na ukiwa na shaka unaweza kuhesabu duru kwa kufuata hatua zake. Katika duru ya pili ongeza katika kila shono upate 12. Duru ya tatu, fuma shono moja kisha ongeza, mara sita, upate 18. Duru ya nne, fuma mashono mawili kisha ongeza, mara sita, upate 24. Duru ya tano hadi ya nane hufumwa bila kuongeza wala kupunguza, 24 kila moja, na kila duru ikiisha iandikwe kwa penseli papo hapo, wala usiiachie kumbukumbu.

Hapa ndipo vidole vinapojifunza kazi yao. Weka kidole cha shahada cha mkono ulioshika kazi upande wa ndani, kidole gumba upande wa nje, kisha utanue ukingo polepole. Utahisi ukingo kama mkufu: kila shono ni kivimbe kigumu kidogo, na baada yake pana bonde laini. Sindano huingia kutoka nje, chini ya nyuzi mbili za juu za kivimbe, na kidole cha ndani huipokea ncha yake. Iwapo ncha imetokeza mahali pasipo na ukinzani wowote, umechoma manyoya peke yake na shono hilo litafunguka. Toa, papasa tena, uingie upya. Baada ya duru tatu au nne utagundua kwamba umeacha kukodoa macho, na kazi huenda haraka kuliko ulivyotarajia. Uzi usiukaze sana wala usiuachie ulegee, maana ukilegea hutoa vikia vidogo vinavyochomoza nje ya umbo. Hesabu ya duru ikikosa shono moja, usikimbilie kufumua: ongeza au punguza moja katika duru inayofuata, na hakuna atakayeliona kosa hilo. Ikikosa matatu au manne, fumua duru hiyo peke yake, taratibu, ukishika uzi karibu kabisa na shono linalofunguka.

Baada ya duru ya nane, tia macho kati ya duru ya sita na ya saba, ukiacha mashono 5 katikati yake, na usibonyeze vizibo mpaka umetazama uso kwa mbali na kuridhika. Macho yaliyo chini na yaliyotengana humpa sungura sura ya utoto. Yakipanda juu na kukaribiana, sura huwa kali. Kisha punguza: duru ya tisa ni mashono mawili na kupunguza, mara sita, upate 18, ujaze faiba, duru ya kumi ni shono moja na kupunguza, mara sita, upate 12. Hiyo ni shingo. Ongeza faiba tena, uisukume shingoni mpaka iwe ngumu, kwa kuwa shingo isiyojazwa vizuri huanguka baada ya wiki moja ya kuchezewa, na kichwa kikining'inia hakuna dawa ila kukata. Faiba yenyewe ichambuliwe kwa vidole iwe kama wingu na itiwe kidogo kidogo.

Kiwiliwili huendelea palepale bila kukata uzi. Duru ya 11 ni shono moja na kuongeza, mara sita, upate 18. Ya 12 ni mawili na kuongeza, upate 24. Ya 13 hadi ya 16 ni 24 tupu. Ya 17 hupunguza hadi 18 na ya 18 hadi 12, kwa mpango uleule wa kichwa. Jaza, kisha katika duru ya 19 punguza mfululizo upate 6. Kata uzi ukiacha urefu wa shibiri moja. Ncha hiyo haitapita katika tundu la sindano ya kushonea ikiwa na manyoya, kwa hiyo yakwangue kwa kucha kiasi cha sentimita 4 mpaka zibaki nyuzi za ndani tupu, uzitie sindanoni, uzipitishe katika mashono 6 ya mwisho, uvute kwa upole na uzifiche ndani ya kiwiliwili.

Viungo vilivyobaki havina maneno mengi. Sikio huanza na mashono 6, hufuatiwa na duru ya shono moja na kuongeza mara tatu ili kupata 9, kisha duru sita za 9, na halijazwi. Mguu huanza vivyo hivyo, lakini baada ya duru ya kuongeza ni duru mbili tu za 9, na faiba kidogo. Mkono ni duru sita za mashono 6. Mkia ni duru ya mashono 6 na duru ya mashono 9, kisha kingo hukusanywa kwa uzi ukawa kifundo.

Kushona viungo ni kazi ya uzi wa cherehani ulioshikwa mara mbili, kwa kuwa mahameli yenyewe hukatika yakivutwa mara nyingi ndani ya kitambaa. Shikiza kwanza kwa pini zenye vichwa vya rangi, na uzihesabu: zikiingia sita, zitoke sita, kwa sababu pini iliyozama ndani ya manyoya haionekani kabisa, na atakayeigundua ni mtoto. Masikio hukaa kati ya duru ya pili na ya nne, yamebanwa kidogo chini ili yasimame. Mikono huwekwa chini tu ya shingo. Miguu hushonwa mbele, karibu na duru ya 16, na mkia nyuma katika kimo hichohicho, ili vyote vitatu vimtegemeze akae mwenyewe mezani. Shona kuzunguka kila kiungo mara mbili, kisha ukivute kwa nguvu zako zote kabla ya kukata uzi. Mtoto atakivuta zaidi.

Pua hutariziwa kwa uzi wa waridi, mishono mitano au sita inayokutana sehemu moja, na shingoni unaweza kumfunga kipande cha kitenge kilichopindwa kingo, ukikishona kwa nyuma kisifunguke. Vumbi likimwingia, mfue kwa mkono katika maji baridi yenye sabuni kidogo, umkamue ndani ya taulo bila kumsokota, umwanike kivulini. Pasi isimguse kamwe, maana poliesta huyeyuka kwa joto na manyoya yaliyolala kwa kuungua hayainuki tena. Akishakauka hadi ndani, jambo ambalo katika baridi ya Julai huweza kuchukua siku mbili au zaidi, mpitishie mswaki mkavu na laini kutoka kichwani kwenda chini, na manyoya yatasimama.