Kupima enkefalini kwenye seli za shina la ubongo ukiwa Dodoma

Anza na hewa; enkefalini, peptidi (kipande kidogo cha protini) ambayo ubongo hutengeneza na hufanya kazi kama afyuni, baadaye. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa ni karibu kilopaskali 89 badala ya 101. Ukipuliza gesi ya kawaida (oksijeni asilimia 95, kaboni dioksidi asilimia 5) kwenye maji ya chumvi yanayoweka vipande vya ubongo hai, yenye bikabonati milimola 26 kwa lita, pH inapanda kwa takriban 0.06. Seli unazopima, za lokasi seruliasi, lile doa la buluu kwenye shina la ubongo kando ya ventrikali ya nne (uwazi wenye majimaji), huhisi kaboni dioksidi. Ikipungua, mipigo yao ya umeme nayo itapungua, nawe utasingizia enkefalini. Shusha bikabonati hadi 23, fidia kwa sodiamu kloridi, puliza dakika 20, ndipo upime pH maji yakiwa na joto la nyuzi 34. Ikae karibu 7.4. Kiangazi, funika chupa: hewa kavu hukausha maji na chumvi huzidi.

Kata vipande vya ubongo wa panya vya maikromita 230. Seli yenye afya hupiga mipigo ya umeme yenyewe, mara 0.5 hadi 5 kwa sekunde. Ndani ya pipeti, mrija mwembamba wa kioo unaopimia umeme wa seli, weka GTP (molekuli ambayo seli huhitaji ili kuitikia peptidi) milimola 0.3, bila hiyo jibu la peptidi hufifia kila unaporudia.

Gawa enkefalini kwenye vichupa vya matumizi ya mara moja. Umeme ukikatika na barafu ikayeyuka, tupa, usiigandishe tena. Tumia maikromola 10, maana vimeng'enya vya kipande chenyewe huila njiani.

Enkefalini ikifika kwenye seli, milango ya potasiamu hufunguka, volti hushuka, mipigo hukoma. Hapo bado hujathibitisha kitu. Weka tetrodotoksini, sumu inayozima mipigo ya seli zote, maikromola 1: volti ikishuka vilevile, peptidi inaigusa seli yenyewe, haipiti kwa jirani. Kisha nalokisoni, dawa inayozuia vipokezi vya afyuni, maikromola 1 irudishe hali ya mwanzo. Isiporudi, huenda seli inakufa.

Kipimo kinachotatiza wengi ni volti ya mgeuko, yaani volti ambayo mkondo wa potasiamu hubadili mwelekeo. Potasiamu ya nje ikiwa milimola 2.5 na ya ndani 140, hesabu inakupa karibu milivolti −107. Ukiona mkondo unageuka chini zaidi, au haugeuki kabisa, usikimbilie kubadilisha pipeti. Seli hizi, hasa za panya wachanga, zimeunganishwa kwa umeme, kwa hiyo unapima na mkondo wa majirani usiowadhibiti. Jaribu kabenoksoloni ili kulegeza muunganiko huo, kisha rudia kipimo kwenye seli ileile.