Kinanda cha Zamani, Sauti za Kompyuta: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuunganisha

Mwanza ina vinanda vingi vya zamani vilivyolala. Vipo kwenye stoo za makanisa, vipo chini ya vitanda vya waliowahi kupiga bendi, na vingine huja kama mitumba kutoka Japani. Sauti zake huenda zimechosha masikio na skrini imefifia, lakini vitufe vyake vilitengenezwa kwa watu wanaopiga kila siku, na thamani yake iko hapo. Ukikiunganisha na kompyuta, kinanda hakipeleki sauti. Kinapeleka taarifa tu: kitufe gani kimebonyezwa, kwa nguvu kiasi gani, kimeachiwa lini. Sauti yenyewe inatengenezwa na programu. Kwa hiyo kabla hujatoa hela kagua umeme wa kinanda, vitufe vyake na tundu lake la MIDI, yaani lugha ambayo vifaa vya muziki hutumiana taarifa hizo. Laptopu ije mwisho, maana matatizo mengi inayosingiziwa huanzia kwenye kinanda chenyewe.

Tuanze na umeme, kwa sababu ndio unaoua vinanda vingi kabla havijatoa hata noti moja. Geuza kinanda usome kibati cha nyuma. Umeme wetu ni volti 230. Kinanda kilichotengenezwa kwa soko la Japani kinataka volti 100, cha Marekani kinataka 120. Pale Makoroboi, mtaa wa maduka hapa Mwanza, utauziwa adapta ndogo inayopokea plagi ya miguu miwili bapa na kuingia kwenye soketi yetu ya miguu mitatu ya mraba. Adapta hiyo inabadili umbo la plagi peke yake, volti inaziacha vilevile. Ukichomeka kinanda cha volti 100 kwa njia hiyo, bahati ikiwa yako fyuzi ya ndani itakatika. Bahati ikikosekana, utasikia harufu ya vanishi inayoungua na transfoma ya ndani imekwenda.

Unachohitaji ni transfoma ya kushusha umeme, na hapo napo kuna mtego. Nyingi zinazouzwa madukani zimeandikwa 220 kwenda 110, maana yake zinagawa kwa mbili. Ukiipa volti 230 itatoa 115. Kwa kinanda cha Marekani hiyo ni sawa kabisa. Kwa kinanda cha Japani ni asilimia 15 zaidi ya kinachostahili, na ziada hiyo inageuka joto ndani ya sehemu ya umeme, siku baada ya siku, hadi kapasita, vile vipande vinavyotunza chaji, zichoke. Tafuta transfoma yenye tundu lililoandikwa 100. Ukubwa wake usikusumbue: soma wati kwenye kibati, zidisha mara mbili au tatu, na kwa vinanda vingi transfoma ya wati 100 inatosha. Kwenye plagi ya ukutani weka fyuzi ya ampea 3 badala ya ile ya 13 inayokuja nayo. Na kama fyuzi ya ndani imekatika, irudishie yenye namba ileile. Anayeweka kubwa zaidi, au kipande cha waya, anahamishia hasara kwenye transfoma.

Wanaotumia inveta wakae macho pia. Inveta za bei rahisi hutoa umeme wa mawimbi yaliyokatwakatwa, na vinanda vya zamani vyenye transfoma nzito ya chuma huanza kunguruma na kupata joto. Ukisikia mngurumo unatoka ndani ya boksi lenyewe wala si kwenye spika, zima.

Sasa tundu. MIDI ilionyeshwa hadharani Januari 1983, pale kinanda cha Prophet-600 cha kampuni ya Sequential Circuits kilipounganishwa na Jupiter-6 ya Roland. Sinthesaiza, yaani kinanda kinachotengeneza sauti kwa umeme, ya kabla ya hapo kwa kawaida haina MIDI, labda iwe imefungiwa baadaye na fundi. Tafuta tundu la mviringo lenye vitundu vitano vilivyopangwa nusu duara, limeandikwa OUT. Hilo ndilo unalolihitaji. IN ni ya kupokea, na THRU inarudia tu kilichoingia IN, hivyo ukichomeka kwenye THRU utapiga hadi jasho likutoke na kompyuta isione kitu. Kuwa makini na vinanda vya miaka ya 1990 vyenye tundu dogo la duara lililoandikwa TO HOST. Lile lilikuwa la kompyuta za enzi hizo na lilihitaji waya wake na draiva yake, yaani programu ya kukitambulisha kifaa kwa kompyuta. Kama kinanda kina OUT ya kawaida pembeni yake, tumia hiyo.

Waya wa kuingia kwenye USB wa laptopu ndio unaoleta kilio kikubwa. Ule mfupi wa bei ya chini kabisa, wenye kiboksi kidogo katikati na vichwa viwili, mara nyingi hupitisha noti vizuri ukiujaribu dukani. Shida inaanza taarifa zikiwa nyingi: unapiga kodi nene (noti nyingi kwa pamoja), unakanyaga pedali, unasukuma gurudumu la pembeni la kuchezesha sauti, na noti moja inabaki inalia haikomi. Kilichotokea ni kwamba ujumbe wa kuachia kitufe umepotea njiani, kwa sababu kumbukumbu ya ndani ya kiboksi ni ndogo. Ukiweza, nunua kiboksi cha kampuni inayojulikana, kisichohitaji draiva ya pekee, ili kifanye kazi kwenye Windows, Mac, Linux na hata simu ya Android yenye waya wa OTG, ule wa kuchomeka vifaa vya USB kwenye simu. Halafu soma maandishi ya vichwa kwa utulivu. Kichwa kilichoandikwa IN kwa kawaida kinaingia kwenye OUT ya kinanda, kwa sababu ni mlango wa kuingilia kompyuta. Baadhi ya watengenezaji huandika kinyume, wakimaanisha tundu la kuchomekwa. Taa ya kiboksi ikikaa kimya unapopiga, badilisha vichwa; hakuna kitakachoharibika. Waya wa MIDI wenyewe usizidi mita 15.

Kabla ya kufungua programu ya kurekodi muziki kama FL Studio au Reaper, fungua programu ndogo inayoonyesha ujumbe mbichi wa MIDI. Kwenye Windows MIDI-OX inatosha, kwenye Mac ipo MIDI Monitor. Hapa ndipo pa kutumia muda. Anzia kitufe cha chini kabisa kushoto, panda kimoja kimoja, kila kimoja mara tatu: taratibu, wastani, kwa nguvu. Kinanda cha vitufe 61 kwa kawaida kinaanza noti namba 36 na kuishia 96, na C ya kati ni 60. Soma safu ya nguvu ya kugonga, inayokwenda 1 hadi 127. Kwenye kinanda kinachopima nguvu, chini ya kila kitufe kwa kawaida mna migusano miwili, na kinanda kinapima muda kati ya mgusano wa kwanza na wa pili. Uchafu ukikaa kwenye mmoja, hesabu inavurugika: kitufe kinanyamaza, au kinatoa nguvu ya juu hata ukikigusa kwa kucha.

Kwa mazingira ya ziwani hilo ni jambo la kutegemea. Unyevu wa usiku, vumbi la kiangazi, na wale wadudu wadogo wa ziwani wanaofuata taa kama moshi: wote hupenya katikati ya vitufe na kwenye nafasi za slaida, zile swichi za kusukuma juu na chini. Vipande vya raba vya chini ya vitufe vinasafishwa kwa spiriti safi ya asilimia 90 au zaidi na kitambaa kisichoacha nyuzi, bila kusugua ule weusi wa chini ya raba, maana ndio unaopitisha umeme. Kazi ya kufungua mwachie fundi wa redio anayeaminika kama hujawahi kufanya. Sehemu ya umeme inabaki na chaji hata baada ya kuchomoa. Kinanda kikipumzika, kifunike kwa khanga au shuka kavu. Nailoni inafungia unyevu ndani.

Usishangae namba zisipofika 127. Yamaha DX7 ya mwaka 1983, kinanda cha kuheshimika hasa, hata ukigonga kwa nguvu zote huishia kuelekea 100 hivi. Matokeo yake piano ya kompyuta inasikika imefunikwa na blanketi, na mtu anaanza kuilaumu programu. Dawa ni kuweka kizidishi kwenye programu: ukizidisha kwa 1.27, 100 inakuwa 127. DX7 hiyohiyo ya kwanza inatuma kwenye chaneli 1 peke yake (chaneli ni njia mojawapo kati ya zile za MIDI), kwa hiyo programu yako isikilize chaneli 1 au zote. Roland Juno-106 ya 1984 ni kesi nyingine: vitufe vyake havipimi nguvu kabisa, kila noti inatoka sawa. Kwa ogani na besi za biti inafaa sana, kwa piano usijisumbue. Slaida zake nazo hutuma ujumbe wa mfumo wa Roland wenyewe, ule unaoitwa SysEx, na swichi ya nyuma lazima iwe kwenye III. Programu nyingi hazitauelewa ujumbe huo moja kwa moja kama zinavyoelewa gurudumu la kawaida, ambalo ni kidhibiti namba 1, au pedali, ambayo ni namba 64.

Pedali ikifanya kazi kinyume, yaani noti zinalia usipokanyaga, zima kinanda, hakikisha mguu hauko juu yake, kisha washa. Vinanda vingi husoma aina ya pedali wakati wa kuwaka.

Kinanda chenye kumbukumbu ya sauti kina betri ya kidonge ndani, mara nyingi CR2032 ya volti 3, na kwenye baadhi imelehemiwa kwenye bodi. Ikifa, sauti zote alizozitunza mwenye nacho zinafutika. Hata kama huzihitaji leo, zihifadhi kwanza. Benki ya sauti 32 za DX7 ni baiti 4,104, na kwa kasi ya MIDI inachukua sekunde moja na kitu kufika kwenye kompyuta. Kwenye skrini ya DX7 chagua SYS INFO AVAIL, kisha MIDI TRANSMIT. Faili ikiwa pungufu ya baiti hizo, waya wako umemeza sehemu, rudia. Sauti hizo zinafunguka ndani ya Dexed, programu ya bure inayoiga DX7, kwa hiyo hata bodi ikifa, kazi ya mtu haipotei.

Sasa lile linalowachanganya wengi: Local. Kwenye hali ya kawaida vitufe vinapiga sauti ya kinanda na papo hapo vinatuma MIDI. Kama kompyuta inarudisha ujumbe kwenye kinanda, kila noti inapigwa mara mbili, sauti inakuwa nyembamba kama inatoka kwenye bomba. Zima Local kwenye menyu. Kwenye kinanda cha Korg M1 iko upande wa Global, ule wa mipangilio ya jumla. Ukiizima, kinanda kitanyamaza kama kimekufa, na hiyo ndiyo dalili kwamba umefaulu. Kisichokuwa na menyu hiyo, shusha volyumu yake, na usichomeke waya wa kurudi IN. Zuia pia ujumbe wa kubadili sauti kwenye programu, la sivyo kila ukigusa swichi ya kinanda, piano ya kompyuta inaweza kugeuka kitu kingine katikati ya kurekodi.

Ucheleweshaji nao una hesabu yake. Noti moja ya MIDI ni baiti 3, kama milisekunde 1 tu, hivyo waya hauna lawama. Bafa, yaani akiba ya sauti ambayo kompyuta hukusanya kabla ya kuitoa, ya sampuli 256 kwenye kasi ya sampuli 44,100 kwa sekunde inaongeza milisekunde 6 hivi, ya 1,024 inaongeza 23, na hapo mpigaji ataanza kukimbizana na vidole vyake. Weka 128 au 256 wakati wa kurekodi, pandisha wakati wa kuchanganya. Na usisikilize kwa spika ya bluetooth. Hiyo peke yake inaweza kuchelewesha zaidi ya milisekunde 100.

Mwisho, fikiria umeme ukikatika katikati ya kazi. Laptopu inaendelea kwa betri, kinanda kinazimika vidole vikiwa chini, na ujumbe wa kuachia hautumwi. Noti inabaki inalia. Jua kitufe cha kunyamazisha zote kilipo. Kwenye FL Studio ni Ctrl na H. Chomoa transfoma ukutani usubiri dakika chache baada ya umeme kurudi, maana mshtuko wa kurudi ndio mkali. Ukiwasha tena, angalia Local kwanza kabla ya kurekodi: kwenye vinanda vingi inarudi kuwa On yenyewe kila kinapozimika.