Kubadilisha springi za nyuma zilizochoka, pakingini nyumbani

Ukipakia watu watatu nyuma na gunia la viazi kwenye buti, kisha ukavuka tuta polepole na bado ukasikia "dup!" chini ya kiti, usikimbilie kulaumu shokabsoba. Mara nyingi ni springi zimechoka. Gari limechuchumaa nyuma, na boriti, kile chuma kinachounganisha magurudumu ya nyuma, inagonga ule mpira wa kuzuilia ambao haukuwekwa ugongwe kila siku. Magari mengi tunayopokea Mombasa yana miaka 7 au 8 kabla hayajaonja mashimo ya Nairobi, na mvua za Machi hadi Mei zikishabomoa lami, kazi iliyobaki inaangukia springi.

Mwongozo huu ni wa magari madogo ambayo springi ya nyuma husimama peke yake, kando na shokabsoba: Mazda Demio ya toleo la DE, Vitz, Honda Fit na mengine ya aina hiyo. Chungulia nyuma ya tairi. Ukiona springi imevishwa juu ya shokabsoba, usiendelee. Hiyo hubaki imebanwa hata gari likiwa hewani, na ikifunguliwa bila kibano chake inaruka kwa nguvu ya kuua. Mpelekee fundi.

Kabla hujatoa pesa, pima. Egesha mahali tambarare, buti likiwa tupu, upime kutoka katikati ya gurudumu kwenda juu hadi ukingo wa bodi. Pima pande zote mbili, uandike. Kisha sugua springi kwa brashi ya waya na upitishe ukucha kwenye mzunguko wa chini kabisa, ule unaokaa kwenye kikombe kinachoishikilia springi. Udongo mwekundu hujaa pale, unashika maji, kutu inakula chuma kimyakimya. Springi nyingi nilizotoa zikiwa zimevunjika zilivunjikia hapo, na mwenyewe hakuwa na habari.

Pale Kirinyaga Road, kwenye maduka ya vipuri Nairobi, utaambiwa kuna njia rahisi: spesa za raba za kusukumiza katikati ya mizunguko. Mimi nazikataa. Gari litainuka, ni kweli, lakini mizunguko iliyozibwa haifanyi kazi tena, na mzigo wote unahamia kwa iliyobaki, ambayo ni chuma kilekile kilichochoka. Nunua springi mpya, na ununue jozi. Ukiweka mpya upande mmoja na nzee upande mwingine, gari litainama na kuyumba kwenye kona. Nenda na namba ya chesisi, na ukiweza nenda na springi nzee yenyewe, ulinganishe unene wa waya, idadi ya mizunguko na umbo la ncha. Za mtumba kutoka Japani ni bei nafuu, ila zina umri uleule wa zile unazotaka kutupa.

Hatua ya 1: jioni ya kuamkia kazi
Nyunyizia mafuta ya kulegeza kutu kwenye bolti za chini za shokabsoba, pande zote mbili. Ni dakika mbili tu, na zinakuokolea saa nzima asubuhi.

Hatua ya 2: kuinua gari
Hapa usiharakishe hata kidogo. Pakingi nyingi za ploti zetu ni kabro, yale matofali ya kupanga chini, na kabro hudidimia. Mguu wa stendi, kile chuma cha kushikilia gari likishainuliwa, ukikalia tofali moja, tofali linazama na stendi inalala. Weka ubao mpana na mnene chini ya kila stendi na kila jeki. Ziba magurudumu ya mbele kwa mawe, mbele na nyuma ya tairi, kisha tia gia ya kwanza, au P kama ni otomatiki. Breki ya mkono haitakusaidia, kwa sababu inashika magurudumu yaleyale unayoyainua. Ukishaziba vizuri iachilie, ili waya wake usivutike boriti ikishuka.

Legeza nati za magurudumu nusu mzunguko gari likiwa bado chini. Inua, kisha weka stendi chini ya sehemu zilizoimarishwa za ukingo wa bodi, mbele kidogo ya tairi la nyuma. Usiziweke chini ya boriti, kwa kuwa boriti ndiyo itakayoshuka. Shika bodi uitikise kwa nguvu zako zote. Likicheza, shusha uanze upya. Ukishatoa matairi yalaze chini ya ukingo wa bodi yawe kinga ya pili. Na usiingize hata bega chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.

Hatua ya 3: kufungua
Weka jeki chini ya kila kikombe cha springi, uinue kiasi tu cha boriti kuanza kusogea. Sasa shokabsoba hazivutwi, na bolti zitatoka bila kupigana. Soketi huwa kati ya milimita 14 na 19 kutegemea gari. Toa bolti ya chini kila upande.

Hatua ya 4: kushusha boriti
Shusha jeki kidogo huku, kidogo kule. Mwite mtu aangalie mipira ya breki na waya za ABS (mfumo unaozuia magurudumu kujifunga ukishika breki). Mimi husaidiwa na mpwa wangu, na siku moja alinipigia kelele, "Anko, ngoja! Waya unavuta!" Kishikizo cha waya wa ABS kilikuwa hakijachomolewa, na waya ulikuwa umenyooka kama kamba ya kuanikia nguo. Sentimita mbili zaidi na ungekatika. Chomoa vishikizo kwanza, ndipo ushuke.

Boriti ikifika chini springi hulegea, unaitoa kwa mikono. Ikiwa bado imebana, shusha zaidi. Usiichokonoe kwa mtaimbo, na usipitishe vidole kati ya mizunguko.

Hatua ya 5: kuweka mpya
Safisha vikombe mpaka uone chuma. Raba za juu na chini zikiwa bado laini zirudishe. Zikiwa zimekauka na kupasuka nunua nyingine. Tazama kikombe cha chini utaona kijikingo. Ncha ya waya lazima iguse hapo. Zungusha springi kwa mikono miwili polepole mpaka usikie imegota. Ukiiacha nje ya kijikingo itajitafutia mahali barabarani, na utasikia mlio kila ukigeuza gari.

Hatua ya 6: kufunga
Inua boriti pande zote kwa pamoja, ukiangalia springi isihame, urudishe bolti na vishikizo vya waya. Kaza bolti kwa mkono tu, kisha rudisha matairi na ushushe gari.

Kukaza kwa mwisho hufanywa gari likiwa limebeba uzito wake. Mara ya kwanza nilikaza kila kitu boriti ikiwa inaning'inia. Bushi ya shokabsoba ilishikwa katika mkao huo, na gari liliposhuka raba ikajikunja na kubaki imekunjwa saa zote, hata nikiwa nimelala. Baada ya miezi michache ilichanika. Springi zilikuwa mpya kabisa na bado nyuma kulilia. Kwa hiyo likishushwa, bonyeza buti mara kadhaa, kisha kaza kwa kipimo cha kitabu cha gari lako. Kama spana haifiki, pima urefu ule wa gurudumu hadi ukingo wa bodi, rudisha gari kwenye stendi, inua boriti kwa jeki mpaka upate kipimo hichohicho, ndipo ukaze.

Nati za magurudumu kaza kwa mtindo wa nyota. Kwa magari haya ni kama nyutonimita 100. Endesha kilomita 50, uzikaze tena.

Usiku wa kwanza washa taa ukielekea ukuta. Nyuma ikiinuka, mwanga wa mbele hushuka, na huenda ukahitaji kuurekebisha. Pima urefu tena baada ya wiki mbili, springi zikishakaa, uandike kando ya vipimo vya kwanza. Springi zikianza kuchoka tena, karatasi hiyo itakuonyesha kabla hujasikia "dup" nyingine.